Mikate ya Mataifa na Sala Moja

(Masomo: Mathayo 6:11; Yohana 6:1–13)



Katika Sala ya Bwana, kama tulivyofundishwa katika Katekisimo, yamo maombi saba. Matatu ya kwanza yahusu jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake. Matatu ya mwisho yahusu dhambi zetu, majaribu yetu na kuokolewa kwetu. Katikati, kama kiini ndani ya yai, limewekwa ombi moja la chakula. Twalisema upesi, kwa kuwa ni fupi, tena kwa kuwa twadhani twalijua. Nani asiyejua chakula?

Lakini na tujiulize. Mtoto wa Usambara akiomba ombi hili, moyoni mwake aona ugali. Mtoto wa Bukoba aona ndizi. Mtoto wa Pwani labda aona mkate wa kumimina, uliopikwa kwa mchele na tui la nazi, au mofa ya mtama iliyotoka tanurini. Na mtoto wa Ethiopia, au wa Mexico, au wa Finland, yeye aona nini? Wote wamwomba Baba mmoja kwa ombi moja, na kila mmoja aona chakula ambacho mwenzake hakijui, na pengine akiletewa atakikunjia uso. Basi mwezi huu twataka kuitazama mikate hiyo ya mataifa, ambayo wengi wetu hatujaiona wala kuionja. Mtu asiseme ya kuwa hii ni habari ya tumbo tu. Bwana mwenyewe ndiye aliyeliweka ombi la mkate katikati ya maombi ya mbinguni, na alichokiweka yeye hapo si kidogo.

1. Mkate wa maskini

Yafaa tuanze na nchi ya Bwana mwenyewe. Katika Kiebrania mkate huitwa lehem, na neno hilo laweza kuwa na maana ya chakula chochote. Betlehemu, mji alimozaliwa Mwokozi, maana yake ni nyumba ya mkate. Waarabu, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiebrania, wanalo neno kama hilo, lahm, lakini kwao maana yake ni nyama. Wamisri huuita mkate aish, yaani uzima, na neno hilo ni la ukoo mmoja na neno letu maisha. Nao waliotafsiri Biblia ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1952, walipofika kwenye ombi hili, waliandika riziki. Hawakukosea. Kila taifa hulijaza neno hili kwa kile kinachomweka mtu hai.

Wala tusidhani ya kuwa mkate wa siku zile ulikuwa kama mkate wa dukani. Ulikuwa duara, bapa, wa kumegwa kwa mkono. Wanawake walisaga nafaka kwa mawe mawili, alfajiri kwa alfajiri, na sauti ya mawe hayo ilikuwa alama ya kuwa nyumba ile ina watu na watu wale wako hai. Kwa hiyo Torati (Kumbukumbu la Torati 24:6) yakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana alichukuaye jiwe amechukua uhai wa nyumba. Tulishike neno hilo, kwani tutalirudia.

Wenye mali walikula ngano. Maskini walikula shayiri, ambayo huiva mbele ya ngano na kustahimili penye ardhi hafifu. Sasa tazameni ile mikate mitano ya mtoto kule ng'ambo ya bahari ya Galilaya. Wainjilisti wote wanne waeleza muujiza ule, lakini Yohana peke yake ndiye aliyeandika ya kuwa mikate ilikuwa ya shayiri. Andrea aliitaja huku akiona shaka, akauliza itawafaa nini watu wengi namna ile. Bwana hakuagiza iletwe ya ngano. Aliitwaa iliyokuwapo, akashukuru, akaigawa, na watu wakala hata wakasaza. Zamani nabii Elisha naye aliwalisha watu mia kwa mikate ishirini ya shayiri (2 Wafalme 4:42–44). Twajifunza neno la kwanza: Bwana hakuuliza mkate ule ni wa aina gani. Mkate ambao mtoto wa maskini angeuficha mbele ya wakubwa, yeye aliushukuru mbele ya watu elfu tano.

2. Mkate wa sinia moja

Tuvuke mpaka wa kaskazini, tuipite Kenya, tufike Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Huko chakula kikuu cha watu wengi ni injera. Hufanywa kwa nafaka iitwayo tefu, ambayo punje zake ni ndogo mno, ndogo hata kuliko za ulezi. Unga wake hukorogwa kwa maji, ukatiwa maji ya chachu yaliyobakizwa katika upishi uliotangulia, ukaachwa siku mbili tatu hata uumuke na kuchachuka. Kisha humiminwa kwa kuzungusha juu ya bamba pana la udongo lenye moto, ukafunikwa, wala haugeuzwi. Upande wa juu hutokeza vitundu vingi, nao wenyewe huviita macho. Mgeni akiionja mara ya kwanza huona uchachu, naye aweza kudhani imeharibika. Mwenyeji hucheka, kwani bila uchachu ule si injera.

Injera hutandazwa juu ya sinia moja kubwa, na mchuzi, mboga na nyama hupakuliwa juu yake. Hapana sahani ya kila mtu. Mkate ndio sahani, ndio kijiko, ndio chakula. Tena iko desturi iitwayo gursha: mtu hufanya tonge kwa mkono wake, akalitia kinywani mwa mwenzake, kuwa alama ya upendo na heshima.

Tusomapo Yohana 13 twaona ya kuwa Bwana wetu naye, usiku ule aliosalitiwa, alichovya tonge akampa Yuda. Wengi hulisoma jambo hilo kuwa ishara tu ya kumtambulisha msaliti. Lakini ajuaye heshima ya kulishwa tonge kwa mkono wa mwenzake aona na jambo la pili: hata saa ile mkono wa Bwana ulikuwa ukimnyoshea upendo yule aliyekusudia kumwuza. Mlango wa toba ulikuwa bado wazi. Yuda alilipokea tonge, akatoka nje, na nje kulikuwa usiku. Ni jambo la kutisha, mtu kulishwa kwa mkono wa upendo na kutoka nao gizani.

Ndugu zetu wa Kilutheri wa Ethiopia waliliunda Kanisa lao mwaka 1959, nalo laitwa Mekane Yesus, yaani mahali pa Yesu. Jina hilo lafaa kukumbukwa kila watu wakaapo kuizunguka sinia moja, kwao na kwetu pia.

3. Mkate na hekima ya wenyewe

Sasa tuivuke bahari ya Atlantiki mpaka Mexico. Mtu aweza kuuliza: sisi na Mexico tuna nini? Tuna ugali. Mahindi asili yake ni huko, ambako watu waliyatoa katika majani ya mwituni wakayalea kuwa nafaka tangu miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 yalivuka bahari, na Wareno ni miongoni mwa walioyaleta Afrika. Jina letu mahindi laonekana kusema ya kuwa yalitoka Bara Hindi, lakini hapo jina limepotea njia. Hali kadhalika muhogo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ambako watu wa misituni huukwangua muhogo mchungu, wakaukamua maji yake yenye sumu kwa mfuko mrefu uliosukwa, kisha wakauoka juu ya bamba kuwa mkate mwembamba mkavu. Basi vyakula hivi tuviitavyo vya mababu zetu vilikuwa kwanza mikate ya watu wengine, nasi tulivipokea kwa mikono yao.

Watu wa Mexico huyachemsha mahindi makavu katika maji yenye chokaa, wakayaacha usiku kucha, wakayaosha hata maganda yakatoka, kisha wakayasaga yangali na unyevu. Donge lake hupigwa kwa viganja kuwa duara jembamba, likachomwa juu ya bamba la moto. Mkate huo ni tortilla. Mtu asiyejua angeuliza: chokaa ya nini katika chakula? Na waliochukua mahindi kuyapeleka Ulaya hawakuichukua desturi ya chokaa. Walichukua punje, wakaiacha hekima.

Ikawaje? Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal wa Hispania aliona ugonjwa mpya kati ya maskini waliokula mahindi karibu peke yake. Ngozi hubabuka, tumbo huharisha, akili huvurugika, na mwisho mtu hufa. Italia ya kaskazini uliitwa pellagra, kwa sababu ya ngozi inavyokuwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua maelfu ya maskini katika majimbo ya kusini ya Marekani. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukizana. Tangu mwaka 1914 tabibu Joseph Goldberger alichunguza, akaonyesha ya kuwa sababu yake ni chakula kilichopungukiwa. Na mwaka 1937 ikajulikana ya kuwa kinachopungua ni kirutubisho kiitwacho niasini. Mahindi yanacho, lakini kimefungwa ndani yake, na chokaa ndiyo ifunguayo. Wanawake wa Mexico, pasipo kulijua jina la kirutubisho hicho, walikuwa wakiwalinda watoto wao tangu zamani za kale.

Ndugu, hapa pana onyo kwa sisi tuliosoma. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ndiye aliyekuwa na dawa, na mgeni hakuuliza. Mtu aweza kupokea mkate wa jirani na kumdharau jirani mwenyewe. Naye amepokea nusu, na ile nusu aliyoiacha huenda ndiyo iliyokuwa uzima wake. Bibi aliyeko kijijini, ajuaye mboga ya kula na ugali wakati wa kiangazi, na nafaka gani yamfaa mama aliyejifungua, hajaiandika elimu yake katika kitabu. Je, tumemwuliza? Au tumengoja mtu wa mbali aje kutuambia, ndipo tuamini?

4. Mkate wa gome la mti

Kutoka huko tuelekee kaskazini mwa Ulaya, kwenye nchi ambazo Injili ilitoka kuja kwetu. Huko ngano haikustawi sana zamani kwa sababu ya baridi. Nafaka ya watu wengi ilikuwa rai, ndugu wa ngano, ambayo mkate wake ni mweusi na mzito. Katika jimbo la Westfalen huko Ujerumani huokwa mkate uitwao pumpernickel, kwa moto wa taratibu, saa 16 au zaidi, hata ukawa mweusi kama udongo wa bondeni. Ilikuwa huko Westfalen, mahali paitwapo Betheli karibu na Bielefeld, ambako misioni iliyoanza kazi Usambara mwaka 1891 ilihamishia makao yake mwaka 1906. Watu wa Sweden wana mkate mkavu mgumu uitwao knäckebröd, nao hukaa miezi mingi bila kuharibika. Magharibi mwa Finland walioka mara chache tu kwa mwaka, mikate bapa ya rai yenye tundu katikati, wakaitunga kwenye mti na kuutundika chini ya dari, kama sisi tutundikavyo magunzi ya mbegu juu ya jiko. Mtu aliyedhani ya kuwa Wazungu wote wamekula mkate mweupe tangu mwanzo na ajue ya kuwa babu zao wengi waliutafuna mkate mgumu na mweusi, tena kwa kipimo.

Lakini tunalotaka kulisema hapa ni zaidi ya hilo. Kati ya mwaka 1866 na 1868 njaa kuu iliipiga Finland. Mwaka 1867 majira ya baridi yalikawia mno kuondoka, na barafu ikarudi mwezi wa Septemba kabla mavuno hayajaiva. Watu walienda msituni, wakabandua ngozi ya ndani ya gome la msonobari, wakaikausha, wakaisaga, wakaichanganya na unga kidogo uliosalia. Mkate huo uliitwa pettu. Haukuwashibisha wengi. Watu zaidi ya 100,000 walikufa kwa njaa na kwa magonjwa yaliyofuatana nayo, katika nchi iliyokuwa na watu chini ya milioni mbili.

Sasa sikilizeni. Wakristo wa nchi hiyo walikuwa wameunda chama chao cha misioni mwaka 1859. Akili ya kibinadamu ingesema: baada ya msiba kama huu, fungeni kazi, lisheni watoto wenu kwanza, mataifa ya mbali watangoja. Lakini mwezi wa Julai 1870, miaka miwili tu baada ya njaa ile, wamisionari wa kwanza wa Kifini walifika Uwambo, kaskazini mwa nchi iitwayo leo Namibia. Huko waliwakuta watu ambao chakula chao kikuu kilikuwa ugali wa uwele. Walifanya kazi miaka mingi pasipo kuona tunda. Ubatizo wa kwanza ulikuwa mwaka 1883. Leo Walutheri wa nchi ile wahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Twafahamu, basi, sadaka iliyoipeleka Injili Uwambo ilitoka wapi. Ilitoka katika nyumba zilizoonja mkate wa gome la mti. Mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17) alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, naye alimfanyia nabii mkate kwanza. Na sisi ni mara ngapi tumesema ya kuwa tutatoa tukipata? Ajifunzaye kutoa wakati wa gome, atatoa wakati wa unga. Lakini aliyengoja unga ujae debe, siku utakapojaa ataona debe ni dogo.

5. Mkate uliogombaniwa

Yasikitisha kusema ya kuwa Wakristo waliwahi kugombana hata juu ya mkate wenyewe. Wayahudi, katika sikukuu ya Pasaka, hula mikate isiyotiwa chachu, kuukumbuka usiku ule wa kutoka Misri walipokosa nafasi ya kungoja donge liumuke (Kutoka 12). Hata leo washikao desturi ile kwa bidii hawaruhusu zaidi ya dakika 18 kupita tangu maji yaguse unga hata mkate uingie tanurini. Kanisa la Magharibi likafuata kutumia mkate usio na chachu Mezani pa Bwana. Kanisa la Mashariki, la Wayunani na jirani zao, lilitumia na latumia mkate ulioumuka, kwa kuwa Kristo amefufuka na mkate wake wapasa kuwa kama ulio hai. Kila upande ulikuwa na sababu nzuri. Walakini katika karne ya 11 walirushiana maneno makali, na mwaka 1054 wajumbe wa Roma na Patriarki wa Konstantinopoli walilaaniana. Neno la chachu halikuwa peke yake, lakini lilikuwamo. Laana zile ziliondolewa tarehe 7 Desemba 1965, yaani baada ya miaka 911.

Mkate ambao Paulo asema ya kuwa watufanya sisi tulio wengi kuwa mwili mmoja (1 Wakorintho 10:17), watu waliufanya kisu cha kukatana. Sisi Walutheri hatufanyi chachu kuwa sharti la imani. Kilicho kikuu ni Neno la Kristo na ahadi yake. Lakini tusijisifu upesi. Je, hatugombani juu ya mambo madogo kuliko chachu? Nani ataketi benchi la mbele, kwaya ipi itaanza, usharika upi ni mama na upi ni mtoto? Miaka 911 ni mingi. Ugomvi huwashwa siku moja, na wajukuu wa wajukuu huoteshwa moto ambao hawakuuwasha.

6. Tufanye nini?

Sasa tumeizunguka dunia, turudi nyumbani. Bwana hakutufundisha kuomba kila mtu mkate wake. Alituagiza kuomba pamoja, kwa ajili ya wote wamwitao Baba. Basi anayeomba sala hii huomba injera kwa ajili ya Mwethiopia, na tortilla kwa ajili ya mtu wa Mexico, na rai kwa ajili ya Mfini, ijapokuwa hakuvijua vitu hivyo. Nao, wakiomba, wamekuombea wewe ugali wako. Kwa neno hili yatupasa kutenda mambo matatu.

La kwanza, tusidharau mkate wa mtu. Siku ya sikukuu ya mavuno mmoja huleta gunia la mpunga, mwingine mkungu wa ndizi, na mjane huleta kibaba cha ulezi. Mzee wa kanisa asikiweke kibaba hicho nyuma ya gunia. Bwana aliyeshukuru kwa shayiri aliona. Kadhalika mtoto asicheke chakula alicholetewa mwenziwe shuleni, wala mzazi asimfundishe mtoto kuona haya kwa viazi vya nyumbani na kujivunia mkate mweupe wa dukani. Chapati ya sikukuu ni njema, nayo ilitufikia kwa mikono ya Wahindi. Lakini haikumfanya mtu kuwa Mkristo zaidi kuliko uji wa mtama.

La pili, tumkumbuke mgeni aliyepoteza mkate wake. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, ilifunguliwa kupokea watu waliokimbia vita vya Kongo, na baadaye Warundi wengi walifikia huko. Mtu aliyekimbia ameacha shamba, na chungu, na jiwe lake la kusagia. Aliyezoea ugali wa muhogo hupimiwa chakula ambacho hakukichagua, kwa kipimo ambacho hakukikata. Tukimwona mgeni wa namna hiyo mlangoni, tusimpe tu kilichobaki. Tumwulize: kwenu mwala nini? Swali hilo ni dogo, nalo humrudishia mtu utu wake.

La tatu, tusichukue jiwe la kusagia. Ndugu, Torati yasema na wakopeshaji, na wakopeshaji wako hata ndani ya sharika zetu. Yeye amwambiaye mjane aweke cherehani rehani, au achukuaye jembe na baiskeli ya fundi kwa deni dogo, amechukua mkate wa nyumba kabla haujaokwa. Hawezi Jumapili kusimama na mjane yule na kuomba riziki pamoja naye, hali jiwe lake la kusagia limo ndani ya ghala yake. Na lirudishwe kwanza, ndipo waombe wote wawili.

Wala neno hili si kwa wakopeshaji tu. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipofika kwenye ombi la nne, alisema ya kuwa ingefaa mtawala mwema atiwe mkate katika ngao yake badala ya simba, ili akumbuke yeye, na raia wakumbuke, ya kuwa kwa kazi yake twapata kula kwa amani. Wale Wamisri wauitao mkate uzima, mwezi wa Januari 1977 serikali yao ilipotangaza kupandisha bei za vyakula, waliingia barabarani kwa maelfu, na watu wengi wakafa kabla amri haijaondolewa. Basi tunapowaombea wenye mamlaka kanisani tusiombe kwa desturi tu. Tuombe wakumbuke mkate.

Mwezi wa Julai 2010 wajumbe wa Walutheri wa dunia walikutana Stuttgart, Ujerumani, na neno kuu la mkutano wao lilikuwa ombi hili hili la mkate wa kila siku. Katika mkutano ule waliwaomba msamaha Wakristo wa Kimenno, kwa sababu ya mateso ambayo baba zetu katika imani waliwatesa baba zao katika karne ya 16. Labda wengine walishangaa, mkate na msamaha vyahusianaje? Lakini yatazameni maombi yenyewe jinsi yalivyofuatana. Mara baada ya kuomba mkate, twaomba kusamehewa na kusamehe. Huwezi kula sinia moja na mtu usiyetaka kupatana naye.

Nanyi walimu wa vijiji na makatekista, mkifundisha ombi la nne mwezi huu, msiwaambie watoto wakariri tu maelezo yake. Mwulizeni kila mtoto ataje chakula cha kwao, na cha jirani, na cha mtu wa mbali aliyemsikia. Kisha waombe kwa ajili ya hao wote kwa majina. Ndipo watakapojua ya kuwa neno lile dogo la wingi katika sala ndilo lililo gumu kulisema kwa kweli.

Na tuombe: Ee Baba, uliyeotesha tefu na rai, mahindi na shayiri, kila kimoja mahali pake, utusamehe tulipoukunjia uso mkate wa ndugu yetu. Uwape chakula wenye njaa, na sisi tulioshiba utupe njaa ya haki. Utuzuie mikono yetu isichukue jiwe la kusagia la maskini. Utukusanye toka kila taifa mezani pa Mwanao, aliye mkate ulioshuka kutoka mbinguni, hata siku ile tutakapoketi sote katika karamu yake, wala hapana atakayemwuliza mwenzake ametoka kula nini. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amin.